Mboga chungu: zilivyoitwa magugu, zilivyorudi sokoni

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa mboga, kila msimu wa palizi naona mgagani na mnavu vinang'olewa na kutupwa pembeni mwa shamba, kisha mwenye shamba anakwenda gulioni kununua kabichi. Kabla hujaendelea na jembe, tuangalie historia kidogo, maana ina hela ndani yake.

Mgagani, mnavu, mlenda, mchunga na majani ya kunde vilikuwa kitoweo cha kila siku kabla kabichi haijaletwa na Wazungu. Kabichi ilipata heshima kwa sababu ilikuwa mboga ya bomani na misheni. Ushauri wa kilimo wa wakati wa ukoloni ulielekezwa kwenye kahawa, pamba na mkonge. Mboga hizi zikaachiwa akina mama, na vitabuni zikaandikwa magugu. Mnavu uliponzwa na ukoo wake: una undugu na mmea wa Ulaya wenye sumu kali.

Hofu hiyo haikuwa ya bure kabisa. Matunda mabichi ya mnavu yana solanini, kemikali ile ile iliyomo kwenye viazi mviringo vilivyogeuka kijani. Majani ya aina tunazokula yanayo kidogo, na huo uchungu ni sehemu yake. Bibi zetu walijua namna ya kuishi nao: walichuma majani machanga, na yakiwa machungu sana walimwaga maji ya kwanza. Wajaluo hupika mgagani kwa maziwa, uchungu ukapungua.

Kisamvu ndicho kinachonishangaza zaidi. Muhogo si wa hapa, Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili. Majani yake yana kemikali inayotoa sayanidi. Ukitwanga, jani linapasuka na sumu inaachia. Ukichemsha vya kutosha bila kufunika sufuria, inatoka na mvuke. Kwa hiyo kinu kina kazi yake. Muuzaji anayekatakata kisamvu kwa kisu ili awahi sokoni anaokoa muda mahali pabaya.

Upande wa faida, sayansi ilichelewa. Mwaka 1930 Mwingereza Thomas Moore alionyesha kwa panya kwamba mwili hugeuza karotini, rangi ya njano iliyojificha ndani ya majani ya kijani, kuwa vitamini A inayolinda macho ya watoto. Hapo ndipo jani la kijani iliyokolea linapoiacha mbali kabichi nyeupe. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha kazi yake ya Lushoto, akaonyesha jinsi Washambaa walivyotegemea majani ya porini katika mlo wao, ingawa maduka na bustani za kizungu vilikuwa karibu. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilifungua tawi Arusha, na leo kuna mbegu bora za mnavu kama Nduruma na Olevolosi, na mchicha wa Madiira 1. Gugu limepata jina na bei.

Sasa jikoni na sokoni. Karotini inahitaji mafuta ili mwili uichukue, kwa hiyo weka karanga au nazi, hata kidogo. Vitamini C inakwenda na maji unayomwaga, basi kama majani ni machanga na si machungu sana, pika kwa maji machache na usimwage. Ukikausha kwa ajili ya kiangazi, anika kivulini, kwani jua kali linaua karotini. Na wewe mfanyabiashara, usimwambie mteja kwamba mnavu unatibu kisukari au presha. Akiacha dawa za hospitali kwa neno lako, hasara hiyo hutaweza kuilipa. Mwambie ni mboga nzuri ya kulisha watoto, inatosha kuuza.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe za mgagani, acha mashina machache yenye afya, chuma maganda yakianza kuwa ya njano kabla hayajapasuka. Usisie mara moja. Mbegu mpya ya mgagani hulala; ikaushe, itunze miezi mitatu au zaidi, ndipo itaota vizuri.