Ngurumo ya Koo

Agosti 2024 bendi ya Dark Tranquillity kutoka Göteborg, Uswidi, ilitoa albamu yake ya 13, Endtime Signals. Anayetaka kuiandikia tathmini kwa Kiswahili hatapata shida kubwa kwenye magitaa wala kwenye dramu. Shida itaanza pale mwimbaji wao, Mikael Stanne, atakapofungua kinywa. Sauti inayomtoka haifanani na uimbaji tuliouzoea, wala si ukelele wa mtu aliyeshtuka. Ni nzito, imekauka, ina maneno ndani yake lakini haina noti. Kwa Kiingereza inaitwa growl, neno lililotolewa kwa mbwa anayeonya kabla hajauma. Kwa Kiswahili bado haijapata jina linalokubalika, na kila anayeiandika hubuni lake.

Jina la aina yenyewe ya muziki halinisumbui. Naiita metali ya mauti yenye mahadhi. Metali tunayo tangu darasa la kemia. Mauti nimeyachagua kwa sababu kifo ni cha fulani, kina tarehe na matanga yake, ilhali mauti yanamngoja kila kiumbe, na nyimbo hizi huyazungumzia hayo. Mahadhi ni neno la watunzi wetu: mghani yeyote wa pwani anajua kwamba shairi moja laweza kughanwa kwa mahadhi mbalimbali. Ila kwetu mahadhi yanakaa kooni mwa mwimbaji, na katika muziki huu yamehama. Yamehamia kwenye magitaa mawili yanayokwenda sambamba, moja likipiga juu ya jingine, mtindo uliokomaa Göteborg katika miaka miwili tu: Dark Tranquillity na The Gallery mwaka 1995, At the Gates na Slaughter of the Soul mwaka huohuo, In Flames na The Jester Race mwaka 1996. Koo limepewa kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo tunayoitafutia istilahi.

Ndani ya zoloto mna jozi mbili za mikunjo ya nyama laini. Jozi ya chini ndiyo tunayoitumia kuzungumza: hewa ya mapafu ikipita katikati yake, mikunjo hiyo hufunga na kufunguka mara 100 na zaidi kwa sekunde kwa mwanamume, na mara 200 hivi kwa mwanamke. Vitabu vyetu vya isimu huiita nyuzi za sauti, na sauti inayozaliwa na mtetemo wake huitwa ghuna. Jozi ya pili iko juu kidogo, ni nene zaidi, na mtu anapozungumza kawaida hukaa pembeni imetulia. Kazi yake ni ulinzi. Unapomeza, unapokohoa, unapojikakamua kuinua gunia, hujivuta katikati na kusaidia kuziba njia ya hewa.

Anayetaka kuisikia ikifanya kazi aende ufukoni Bagamoyo, upande wa forodha ya zamani, awatazame wavuvi wakisukuma chombo mchangani. Mmoja anaanzisha harambee, wenzake wanaitikia, kisha wote wanajaza vifua na kunyamaza. Ule unyamavu mfupi ndio mikunjo ya juu imeziba, hewa imebaki kifuani, kiwiliwili kimekaza. Chombo kikianza kusogea hewa inajipenyeza kwa nguvu, na kooni mwa wale wanaume kunatoka mguno wa chini, mnene, ambao huwezi kuupata kwenye waya wowote wa gitaa. Mguno huo ukirefushwa, ukapewa irabu na konsonanti, ukalelewa kwa mazoezi ya miaka, unafika jirani kabisa na anachokifanya Stanne.

Kwa nini hauna noti? Mikunjo ya juu ni mizito, hivyo hutetemeka polepole, na katika uimbaji wa metali mtetemo wake haufuati mpigo mmoja. Wapo waliouadilisha. Waimbaji wa Tuva, kusini mwa Siberia, katika mtindo wao uitwao kargyraa, huifanya mikunjo ya juu ipige mara moja kila ile ya chini inapopiga mara mbili, na msikilizaji husikia sauti imeshuka oktava nzima. Mwimbaji wa metali ya mauti anauachia mtetemo uparaganyike. Sikio linatafuta noti, halipati pa kushika. Hapa naona sababu ya mahadhi kuhama: koo lililochagua sauti hii haliwezi tena kubeba mahadhi, basi magitaa yanayabeba. Sifa ya mahadhi na ngurumo ya mwimbaji, ambazo msikilizaji mgeni huziona kama vitu vinavyogombana, zinategemeana. Bila koo kujivua noti, magitaa yasingepata nafasi pana namna ile.

Sasa majina. Nimeyapima manne.

Mkoromo ndilo lililonivutia kwanza. Lina koromeo ndani yake, na mnyama akichinjwa husemwa anakoroma, jambo linaloafikiana na mauti. Lakini anayekoroma usingizini hutetemesha kaakaa laini, nyuma ya kinywa, mbali na zoloto. Istilahi inayoelekeza kidole kwenye kiungo kisichohusika itampotosha mwanafunzi wa sauti siku ya kwanza tu. Mguno nao ni wa kweli kimaumbile, kama tulivyosikia ufukoni, ila katika mazungumzo ya kila siku mtu akiguna ameonyesha kutoridhika, na ni sauti fupi. Huwezi kuguna ubeti mzima.

Mkwaruzo ni neno zuri nisilotaka kulipoteza, ila nalitengea sauti nyingine. Yupo mwimbaji ambaye sauti yake ni ya juu na kavu, inaparuza. Hiyo ilikuwa sauti ya Tomas Lindberg wa At the Gates, aliyefariki Septemba 2025. Ukisikiliza Slaughter of the Soul kisha The Gallery, albamu mbili za mji mmoja na mwaka mmoja, utasikia tofauti bila kufundishwa: Lindberg anakwaruza, Stanne ananguruma. Kuwaita wote kwa neno moja ni kuifanya lugha iwe na masikio mazito kuliko mashabiki wenyewe.

Imebaki ngurumo. Simba hunguruma, radi hunguruma, hata tumbo lenye njaa hunguruma, na hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu linaonyesha kwamba neno hili halidai ukubwa wa sauti. Mwimbaji mzoefu hutoa ngurumo yake kwa kiasi kisichozidi sana mazungumzo. Kipaza sauti ndicho kinachoikuza hadi ikajaza ukumbi. Kikwazo kimetoka magazetini. Wahariri wamelitumia neno hili mno kwa wanasiasa: waziri anguruma, mbunge anguruma, mwenyekiti anguruma mkutanoni. Humo ngurumo imekuwa maneno makali, hata kama aliyeyasema ana sauti nyororo. Ndiyo maana nashauri tuseme ngurumo ya koo. Koo linairudisha sauti mwilini, na kitenzi kinabaki chepesi: ananguruma, ameunguruma ubeti wa pili, anajifunza kunguruma.

Kuhusu mikunjo yenyewe nina ombi kwa wanaotunga vitabu. Wataalamu wa tiba wa nchi za Magharibi waliibandika ile jozi ya juu jina la mikunjo ya uongo, kwa kuwa haitoi sauti ya mazungumzo. Tusiifuate tafsiri hiyo kwa kuiita mikunjo bandia. Bandia ni meno, nywele, kucha. Mikunjo hii imeumbwa, ina kazi, na kwa mwimbaji wa metali ndiyo inayochuma mkate. Mikunjo ya juu inatosha.

Pwani hii ina desturi ya kuita kazi ya koo kwa jina la tendo lenyewe, bila woga. Katika historia ya tarika zetu zimo zikri zilizojulikana kama zikri za kukohoa, kwa ajili ya pumzi nzito inayotolewa kooni kwa mapigo. Bagamoyo ilikuwa kituo kikubwa cha tarika ya Kadiria chini ya Sheikh Ramiya, aliyefika akiwa mtumwa kutoka Manyema, akawa mwanachuoni, akafariki mwaka 1931. Ibada ni ibada na jukwaa ni jukwaa, na siyaweki katika mizani moja. Ninachokitazama ni lugha: watu walisikia koo likifanya kazi isiyo ya kawaida, wakataja walichokisikia, na jina likashika.

Wala kuchafua sauti kwa makusudi si jambo geni katika mji huu. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, ndicho leo TaSUBa, na miongoni mwa walimu wake alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyeishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Itazame kwa karibu ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao wake kuna tundu dogo, na tundu hilo limezibwa kwa utando mweupe, mwembamba, ambao buibui huufunikia mayai yake. Fundi huubandua ukutani taratibu, akaunyoosha, akaubandika. Chuma kikipigwa, utando unatetemeka na kuongeza mvumo juu ya noti. Utando ukipasuka, ilimba inalia safi, na mpigaji haridhiki mpaka auweke mwingine. Mwaka 2024, mwaka uleule wa Endtime Signals, binti wa Hukwe, Pendo, na mjukuu wake, Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha. Anayezisikiliza albamu hizi mbili kwa kufuatana, kama nilivyofanya, atapata jambo la kufurahisha: huku noti iko wazi na mvumo umeizunguka, kule mvumo uko kooni na noti imekimbilia kwenye magitaa.

Afrika Mashariki ina wangurumaji wake. Martin Kanja wa Kenya, anayejiita Lord Spikeheart, alikuwa mmoja wa wawili wa kundi la Duma la Nairobi, waliotoa albamu yenye jina hilo mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Aprili 2024 alitoa The Adept, akiitoa kwa heshima ya bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, ambaye alifariki Septemba 2023. Muziki wake una mashine na kelele za umeme zaidi kuliko mahadhi, kwa hiyo hauingii katika aina ya Göteborg. Lakini koo lake hupita kwenye ngurumo na mkwaruzo ndani ya pumzi moja, na mwandishi asiye na maneno mawili hawezi kueleza kinachotokea.

Jambo moja nalisisitiza kwa vijana wanaojaribu sauti hii peke yao, simu ikiwa sikioni. Kuna mtu aliyenguruma na kuna mtu aliyepwewa na sauti. Aliyepwewa amelazimisha mikunjo ya chini, ameivimbisha, kesho hawezi kumsalimu mama yake. Anayenguruma sawasawa huilegeza ile ya chini na kuipa kazi ile ya juu, pumzi ikitoka tumboni kwa utulivu. Koo likiuma, acha, nenda kwa mwalimu.

Lipo neno la mwisho katika tathmini ambalo bado linanikera. Tangu albamu ya Projector ya mwaka 1999, katika baadhi ya albamu Stanne huimba pia kwa noti, kwa sauti yake nzito ya kawaida, na katika Endtime Signals anapita kutoka huku kwenda kule. Kiingereza huiita hiyo sauti safi, na tayari baadhi yetu wameipokea hivyo. Mimi naandika sauti wazi. Ukisema safi, umekwisha kuihukumu ngurumo kuwa uchafu kabla wimbo haujaanza, na Stanne katika albamu hii anaziheshimu zote mbili.