Tarehe 18 Februari

Somo letu ni Zaburi ya 90, ile sala ya Musa juu ya ufupi wa maisha.

Hapa Nyamira wazee wetu walizikumbuka siku kwa matukio. Kwamboka alizaliwa mama akivuka mto, Nyanchera mama akiwa njiani, wala hakuna aliyeuliza tarehe. Kalenda ya ukutani ililetwa na wageni, nayo ina mambo yake.

Tutazame 18 Februari. Siku hiyo, mwaka 1546, alifariki Martin Luther, ambaye mafundisho yake yaliletwa Gusii na wamisionari wa Uswidi walioanza kazi Itierio mwaka 1948. Siku hiyo hiyo, mwaka 1957, Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti. Tena Kimathi alizaliwa 31 Oktoba 1920, na Luther alizitoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517. (Michelangelo, yule mchoraji, naye alikufa 18 Februari, mwaka 1564, lakini huyo tumwache.)

Wapo watakaosema hapa pana ishara. Sisi hatusemi hivyo. Luther aliishi kwa kalenda ya zamani, ambayo Papa Gregory XIII aliirekebisha mwaka 1582. Baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata 15. Kwa hesabu yetu ya sasa Luther alikufa 28 Februari! Basi ishara imetoweka, ila watu wawili wamebaki mbele yetu.

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliinuka kwa sababu ya kodi na kazi za kulazimishwa, na wengi wao walitaja mafundisho ya Luther mwenyewe. Kwanza Luther aliwakemea mabwana wao. Lakini mapigano yalipozuka akaandika kwamba waasi wapigwe na kuuawa, na maelfu wakauawa. Luther yule angemhukumu Kimathi bila kusita. Wengi kanisani walimhukumu vivyo hivyo, nao walikuwa na sababu, maana Wakristo Wakikuyu waliokataa kiapo waliuawa kikatili. Hata hivyo ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli, na sauti za wahubiri juu ya ardhi zilikuwa chache mno.

Luther alifia Eisleben, mji aliozaliwa, alikokuwa amekwenda kuwapatanisha mabwana wa Mansfeld. Rafiki zake walimzunguka, wakamwuliza kama angali akisimama katika aliyoyafundisha, akajibu ndiyo. Akazikwa Wittenberg, ndani ya kanisa.

Kimathi, siku moja kabla ya kunyongwa, alimwandikia Padre Marino barua ya shukrani. Aliomba mwanawe apate shule, na mkewe aliyekuwa kizuizini afarijiwe. Yeye alizikwa gerezani, kaburi lisilo na alama.

Sisi tunaowazika wafu wetu nyumbani, mahali ambapo watoto hupita kila siku, twaelewa uzito wa jambo hilo. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007. Lakini mjane wake, Mukami, aliomba miaka mingi apewe mabaki ya mumewe amzike, akafariki mwaka 2023 hajapewa.

Katika sala ya asubuhi hii tuikumbuke jamaa hiyo, na kila nyumba ambayo mtu wake hakurudishwa.