Luka 10:19 haikusema uende kutafuta nyoka

Kila kesha lazima mtu asimame na Luka 10:19: tumepewa mamlaka ya kukanyaga nyoka na nge, hakuna kitu kitatudhuru. Watu wanaruka, sakafu inakanyagwa, amina zinapaa. Poa. Lakini kuna jamaa mmoja tunafaa kujua stori yake.

Anaitwa George Went Hensley, mhubiri wa Tennessee, Marekani. Karibu mwaka wa 1910 alianza kushika nyoka wenye sumu ibadani, akisimamia Marko 16:18, andiko linalofanana na hilo la Luka. Wengi wakamfuata. Wengine wakaumwa, wakafa, hadi Tennessee ikapiga marufuku mambo hayo mwaka wa 1947. Julai 1955, kwa ibada kule Florida, nyoka akamuuma Hensley mwenyewe. Akakataa matibabu. Akafa.

Utasema hakuwa na imani. Aki? Imani alikuwa nayo kunishinda mimi na wewe. Shida ilikuwa kwa kusoma.

Cheki. Picha ya kukanyaga nyoka ni ya zamani, iko Zaburi 91:13. Sasa enda Luka 4. Shetani anampeleka Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajirushe, na anamnukulia Zaburi hiyo hiyo ya 91. Anachukua mstari wa 11 na 12, halafu anaishia hapo, kabla tu ya ule wa nyoka. Yesu anakataa: Mungu si wa kujaribiwa. Yaani kabla awape wanafunzi hiyo mamlaka, yeye mwenyewe alikataa kufanya maonyesho nayo.

Na hao waliopewa walikuwa wametoka kazini, wametumwa vijijini kuhubiri na kuponya wagonjwa. Hata Paulo kule Malta, Matendo 28, alikuwa anaweka kuni kwa moto wakati nyoka alimshika mkono. Hakuwa ameenda kumtafuta.

Kwa hivyo mtu akikuambia utupe dawa zako za sukari ama ARV ndio uonyeshe una imani, hiyo sauti tushaiskia. Ni ile ya juu ya hekalu: jirushe, utadakwa.

Mungu ana nguvu juu ya uovu, hiyo sibishani. Lakini usifunge Biblia kwa mstari wa 19. Kwa ule wa 20, Yesu anawaambia wasifurahie sana vile pepo wanawatii. Wafurahi majina yao yameandikwa mbinguni.