Kasi au Kizidisho? Historia ya Istilahi Moja ya Maambukizi

Mwaka 1952 George Macdonald, mkurugenzi wa Taasisi ya Ross mjini London, alichapisha makala juu ya malaria ambamo alikipa jina kipimo ambacho siku hizi ni nadra kukosekana katika taarifa za mlipuko wa maradhi. Kipimo hicho hujibu swali hili: akiingia mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na mtu mwenye kinga, ataambukiza watu wangapi? Jibu likizidi 1, ugonjwa huenea. Likiwa chini ya 1, hufifia na kutoweka. Lakini ndani ya jina hilo Macdonald alitia neno la Kiingereza ambalo wafasiri wetu aghalabu hulitafsiri kwa "kasi" au "kiwango". Huko ndiko ilikotoka "kasi ya msingi ya maambukizi". Tunaona kwamba istilahi hiyo haifai, na historia ya kipimo chenyewe inaipinga.

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Ronald Ross, aliyethibitisha nchini India mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, alipelekwa Mauritius mwaka 1907 kutoa ushauri juu ya kuzuia ugonjwa huo. Katika taarifa yake ya mwaka 1908, na zaidi katika toleo la pili la kitabu chake juu ya kuzuia malaria, la mwaka 1911, alionyesha kwa hesabu jambo lililowashangaza wengi: si lazima kumwua kila mbu. Ipo idadi fulani ya mbu kwa kila mtu ambayo, wakipungua chini yake, malaria itakwisha yenyewe ijapokuwa mbu wengine wangalipo. Wapinzani wake walidhani anatetea uzembe. Lakini Ross hakuuliza ugonjwa unakwenda upesi kiasi gani. Aliuliza kama mgonjwa mmoja anajipatia mrithi au hapati. Hilo ni swali la kuhesabu vichwa.

Wakati huohuo wataalamu wa idadi ya watu walikuwa na swali la namna hiyohiyo: kila mwanamke ataacha nyuma yake mabinti wangapi? Mjerumani Richard Böckh alilishughulikia mjini Berlin katika miaka ya 1880, na mwaka 1925 Louis Dublin na Alfred Lotka wa Marekani walitumia kwa jibu lake herufi R yenye sufuri chini yake, alama ambayo leo ni ya wataalamu wa maradhi. Hata huko kipimo kiliitwa kwa neno lilelile la Kiingereza, ingawa mabinti wawili kwa mama mmoja ni wawili tu, wazaliwe katika miaka mitano au ishirini. Kosa la Macdonald, basi, lilikuwa na ukoo. La kustaajabisha ni kwamba Lotka huyohuyo alizichambua hesabu za Ross juu ya malaria mwaka 1923, bila kuunganisha mambo hayo mawili.

Mwaka 1927 William Kermack, mwanakemia aliyekuwa amepoteza macho katika mlipuko wa maabara, na Anderson McKendrick, daktari aliyewahi kufuatana na Ross hadi Sierra Leone mwaka 1901, waliipanua fikra hiyo kwa maradhi yapitayo moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu. Walionyesha pia kwamba mlipuko waweza kukoma kabla ya kumfikia kila mtu.

Tukirudi kwa Macdonald, yafaa tukumbuke kwamba nchi zetu zina fungu katika habari hii. Hesabu zake zilionyesha kwamba jambo lenye uzito mkubwa kuliko yote ni umri wa mbu, maana vimelea huhitaji takriban siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Lakini nani ajuaye mbu wa porini huishi siku ngapi? Sehemu ya jibu ilitoka Muheza, Tanganyika, ambako Davidson na Draper walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1953. Kisha, katika miaka ya 1950, nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilinyunyizwa dawa ya dieldrin kutani. Malaria ilipungua sana, lakini haikukoma. Msomaji anayedhani kwamba kipimo hiki ni kasi ataona hapo ushindi: ugonjwa umepunguzwa mwendo. Anayejua kuwa ni hesabu ya warithi atauliza swali gumu zaidi: je, wameshuka chini ya mmoja?

Tutoe mfano wa kuonyesha hasara ya kuchanganya mambo haya. Tuchukue homa ya mafua ambayo kila mgonjwa huwaambukiza watu 2, na kutoka mgonjwa hadi mgonjwa hupita siku 3. Tuchukue na surua, ambayo kila mgonjwa huwaambukiza 15, na kutoka mgonjwa hadi mgonjwa hupita siku 12. Baada ya siku 12, kundi la nne la mafua lina wagonjwa 16, na kundi la kwanza la surua wagonjwa 15. Kasi ni karibu moja. Daftari la zahanati litaonyesha mistari miwili inayopanda sambamba. Lakini ili kuyakomesha mafua hayo kwa chanjo isiyoshindwa, yatosha kuwakinga zaidi kidogo ya watu 50 katika kila 100. Surua yahitaji wapatao 93 au 94. Ofisa wa wilaya aliyeandikiwa kwamba "kasi ya maambukizi" ya magonjwa hayo ni 2 na 15 atadhani surua itamfikia upesi mara saba na nusu. Aliyetazama daftari peke yake ataagiza chanjo sawa kwa yote mawili. Wote wawili wamepotoshwa, na wa kwanza amepotoshwa na mfasiri.

Hapa pana jambo ambalo wakadiriaji hulijua na tafsiri hulificha. Kasi ndiyo ionekanayo: twahesabu siku ambazo wagonjwa huongezeka maradufu. Idadi ya wanaoambukizwa na kila mgonjwa haionekani kwa urahisi; aghalabu hukokotolewa kutokana na kasi hiyo pamoja na muda unaopita kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Vitu vitatu, basi, vyahitaji majina matatu, na lugha inayoviita viwili kati yake kwa jina moja haiwezi hata kuueleza mkokotoo wenyewe.

Waingereza wenyewe wamejirekebisha. Tangu miaka ya 1990 waandishi wao wengi wameliacha neno la Macdonald na kutumia maneno yenye maana ya idadi au uwiano. Sisi hatuna sababu ya kuendelea kubeba mzigo ambao wenyewe wameutua.

Hata hivyo "idadi ya maambukizi" nayo haitufai, kwa kuwa mwuguzi yeyote ataisoma kuwa ni jumla ya wagonjwa walioandikishwa. "Kiwango" kimechoka: kuna kiwango cha joto, cha elimu na cha mshahara. Tunapendekeza "kizidisho cha uambukizaji", maana kazi ya namba hii ni kuzidisha kila kundi la wagonjwa ili kupata kundi lifuatalo. Na "uambukizaji" hutaja tendo, ilhali "maambukizi" hutaja zaidi matokeo yake. Jamii ikiwa haina kinga kabisa, kitaitwa "kizidisho cha msingi". Kinachobadilika kadiri mlipuko unavyoendelea kitaitwa "kizidisho cha wakati". Taarifa za UVIKO-19 za mwaka 2020 mara nyingi zilihusu hiki cha pili. Muda wa kutoka mgonjwa hadi mgonjwa tungeuita "muda wa kupokezana", kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. "Kasi ya ueneaji" ibaki kwa kile ambacho kwa hakika ni kasi, nayo itajwe daima kwa siku au kwa juma.

Limebaki tatizo moja kwa wafasiri wa maandiko ya malaria. Macdonald alihesabu kutoka mtu hadi mtu, mbu akiwa njia tu. Waandishi wengine wa tangu 1990 huhesabu safari ya mtu hadi mbu kuwa hatua moja, na ya mbu hadi mtu kuwa hatua ya pili. Hivyo kizidisho cha Macdonald kikiwa 100, chao ni 10, kwa malaria ileile na kijiji kilekile. Mfasiri aangalie kwanza mwandishi wake anahesabu vipi, kisha aandike waziwazi: "kizidisho cha mtu hadi mtu" au "kizidisho cha kila hatua".