Mwalimu, bao na sheria ya kulala

Wadau, leo siasa za kila siku naziweka pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kulala. Si kulala kitandani, ni kulala kwenye bao.

Kwa nini bao? Kwa sababu sisi wa Mara tuna mchezaji wetu maarufu. Picha za Mwalimu Nyerere akiwa ameinamia mashimo ya bao zimechapishwa mara nyingi. Tena Uzanaki ipo simulizi kwamba akili aliyoonyesha utotoni kwenye mchezo huu ilichangia wazee kumshauri baba yake, Chifu Burito, ampeleke shule. Simulizi ni simulizi. Kilichoandikwa ni kwamba mwaka 1934 alianza masomo Mwisenge, hapa hapa Musoma.

Sasa twende kwenye sheria. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukitembeza kete na ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu ya mwenzako, hakuna rufaa.

Ila kuna shimo moja la mraba, linaitwa nyumba, linaanza na kete 6. Katika namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikatua nyumbani, una hiari. Unaweza kulala hapo, kete zikabaki. Au unaweza kusafiri: unazoa zote na kuendelea. Ukishasafiri, ile siyo nyumba tena, ni shimo kama mashimo mengine. Mgeni wa bao husafiri mapema kwa tamaa. Fundi hulala, anasubiri nyumba ijae.

Wenzetu Marekani wana mchezo wao wa mezani, Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974. Wachezaji wanakuwa mashujaa kwenye hadithi, na wakichoka wanapumzika ili nguvu zirudi. Toleo la 2014 liliweka pumziko fupi la saa 1 na refu la saa 8. Ugomvi haukuisha! Wachezaji wanapigana mara moja, wanalala, wanaamka wazima, hatari yote inapotea na hadithi inapoa. Bao limelikwepa tatizo hilo: hulali kila unapotaka, na pale ulipopewa hiari, kuna bei ya kulala na bei ya kusafiri.

Nikisoma historia ya Mwalimu naona kulala kwa namna hiyo mara tatu.

Mwaka 1955, TANU haijatimiza hata mwaka, aliacha ualimu Pugu, akarudi nyumbani Mara. Alikaa miezi kadhaa akimfundisha Kizanaki padre wa Maryknoll, Arthur Wille. Oktoba akarudi Dar es Salaam, safari hii kwa kazi ya chama.

Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Akazunguka nchi kukijenga chama. Desemba mwaka huo huo akawa Rais wa Jamhuri.

Mwaka 1985 aling'atuka. Neno lenyewe kalitoa kwenye Kizanaki: wazee wanaachia rika linalofuata. Mwaka mmoja kabla, Katiba ilikuwa imerekebishwa na kuweka ukomo wa vipindi viwili vya urais.

Hapa ndipo wasomi wanapogombana. Wapo wanaosema Mwalimu hakulala nyumbani, alilalia shimo tupu: vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, madukani sabuni na sukari shida, IMF wanabisha hodi. Na uenyekiti wa CCM hakuuachia mpaka 1990. Hoja hizo ni nzito, sizipuuzi.

Lakini mimi nasema hivi: hakuna aliyemshika mkono. Angeweza kusafiri. Jirani zetu Uganda walipata rais mwaka 1986, na mwaka 2005 ukomo wa vipindi ukaondolewa kwenye katiba yao. Hapa kwetu Mwinyi aliondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015, kila mmoja kwa wakati wake. Hilo halikutokea kwa bahati.

Kinachonitia wasiwasi ni vijiwe vyetu. Kuanzia Bunda hadi Musoma mjini, vijana wenzangu wanajua kupanga mikeka ya kubeti kuliko kuhesabu kete. Uliza kulala nyumbani ni nini, wanacheka. Kizazi kisichojua sheria hii kitamjuaje kiongozi anayesafiri wakati alipaswa kulala?

Kama kwenu kuna mzee ana bao uvunguni, mwambie alitoe. Kaa naye jioni moja akufundishe. Halafu tuendelee na ubishi wetu wa 1985: nyumbani, au shimo tupu?