Ngao au kafara? Historia ya mvuke unaozuia moto

MWANAFUNZI wangu mmoja anayetafsiri makala za sayansi alinijia juzi na istilahi 'ngao ya joto'. Hivyo ndivyo alivyoliita lile tabaka linalokinga chombo cha angani kisiteketee kinaporejea duniani. Nilimwambia asubiri kidogo. Ngao huzuia mkuki na vita vikiisha hutundikwa ukutani. Hii tunayoizungumzia huliwa, tena imeundwa makusudi iliwe. Hebu basi tutazame historia yake kwanza, ndipo tulihukumu neno.

Kisa chaanzia jikoni. Kila apikaye chapati amewahi kunyunyiza maji kwenye kikaango kilichopata moto sana, akaona matone yakigeuka vigololi na kukimbia huku na huko badala ya kukauka papo hapo. Mwaka 1756 Johann Gottlob Leidenfrost, daktari na mhadhiri wa tiba mjini Duisburg, Ujerumani, aliandika kitabu kwa Kilatini kuhusu sifa za maji ya kawaida. Alikuwa amepasha kijiko cha chuma hadi kikawa chekundu, akadondoshea tone la maji na kuhesabu muda. Tone la kwanza lilidumu zaidi ya nusu dakika. Kijiko kilivyozidi kupoa, ndivyo matone yaliyofuata yalivyotoweka upesi. Kinyume kabisa cha matarajio! Leo twajua sababu: upande wa chini wa tone hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo, ambao haupitishi joto vizuri, hulibeba tone lisiguse chuma. Maji machache hufa ili mengine yaishi.

Karne mbili baadaye wazo hilo lilipata kazi. Wahandisi wa Marekani walitaka vitu virushwe juu ya anga na kurudi bila kuyeyuka. Mwaka 1951 Harvey Allen alionyesha kwamba umbo butu hufaa kuliko lenye ncha kali, kwa kuwa husukuma joto jingi liishie hewani. Lililosalia likaachiwa tabaka la utomvu na nyuzi ambalo huungua polepole, likitoa gesi inayoisukuma hewa ya moto mbali na chombo. Vyombo vya Apollo vilivyotoka mwezini vilirudi hivyo.

Jaribio kali kuliko yote lilikuja tarehe 7 Desemba 1995, chombo kilichotoka katika meli ya angani Galileo kilipoingia anga ya Mshtarii kwa kasi ya kilomita 47 hivi kwa sekunde. Gesi iliyokuwa mbele yake ilifikia zaidi ya nyuzi 15,000, takriban mara tatu ya joto la uso wa jua. Chombo kizima kilikuwa na uzani wa kilo 339, na kati ya hizo kilo 152 zilikuwa za tabaka hilo la kaboni. Karibu kilo 80 zilitoweka kwa muda mfupi mno. Mvuke wa kaboni ulisimama mbele na kufyonza sehemu ya mwanga mkali uliokuwa ukikichoma. Hata hivyo, hesabu za wahandisi hazikutimia sawasawa: puani paliliwa kidogo kuliko walivyodhani, mabegani paliliwa zaidi. Wangepunguza unene kwa kuogopa uzito, pengine tusingepata ile takriban saa moja ya habari kutoka Mshtarii.

Gesi ya moto namna hiyo huitwa plazma, jina alilolitoa Irving Langmuir mwaka 1928. Hospitalini plazma ni majimaji ya damu, ndiyo maana wapo wanaopendelea 'utegili', ingawa neno hilo nalo halijatuondolea utata wote.

Plazma hiyo hiyo ndiyo inayowasumbua wanaotafuta umeme kwa kuunganisha viini vya atomu, mathalani katika mtambo wa ITER kusini mwa Ufaransa. Sakafu ya mtambo huo, pale joto linapotua, ni ya tungisteni isiyoyeyuka hadi nyuzi 3,422. Plazma ikifoka ghafla, hata hiyo huyeyuka. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuielekeza plazma kwenye bati lililoyeyushwa. Joto lilipozidi, mvuke wa bati uliongezeka, ukaipoza plazma na kuangaza joto pembeni, kisha uso ukapoa, mvuke ukapungua. Bati lilijirekebisha lenyewe. Shida ni kwamba mvuke huo ukipenya hadi kiini cha plazma huuzima moto unaotakiwa.

Nilimwambia mwanafunzi aandike 'kafara la joto', kwani kafara hutolewa ili balaa ipite. Akanijibu vizuri: Profesa, kafara halirudi, lakini sehemu ya mvuke wa bati huganda na kurudi ulikotoka. Kwa chombo cha Mshtarii amekubali kafara. Kwa bati anataka 'pazia la mvuke', na bado tunabishana.