Ruhusa ya Kusoma na Ruhusa ya Kuandika

Neno masijala limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni sijili, yaani daftari la kuandikia mambo yasiyotakiwa kusahauliwa. Katika ofisi za serikali ya Tanzania neno hili limekuwa jina la chumba. Humo majalada hupangwa kwa namba, na mlangoni hukaa mtunzaji ambaye kazi yake ni kumpa kila mtu jalada alistahililo na kumnyima asilostahili. Ziko masijala za namna mbili, ya wazi na ya siri, na karani aweza kuingia katika ile ya kwanza kila siku kwa miaka thelathini asiione ya pili hata mara moja. Naanza na chumba hiki kwa sababu mtu anayekaa leo mbele ya kompyuta, akaambiwa kuwa hana ruhusa ya kufungua faili fulani, huenda akadhani kwamba amekutana na jambo lililoletwa na mashine. La, jambo hili ni kongwe. Mashine imelirithi tu, na katika kulirithi imelipambanua sehemu mbalimbali ambazo sisi tulikuwa tumezizoea zikiwa zimechanganyika.

Tazama desturi za masijala iliyotunzwa vema. Jalada halitoki mpaka jina la mchukuaji na tarehe viandikwe. Karatasi zilizomo hutiwa namba moja baada ya moja, hata ikichomolewa ya kumi na mbili, ya kumi na moja na ya kumi na tatu hutoa ushahidi. Afisa atakaye kusema neno juu ya shauri lililomo huandika dokezo, akatia saini na tarehe chini yake, wala hafuti dokezo la mwenziwe. Kwa hiyo mna mambo matatu humo: nani asome, nani aandike, na alama gani ibaki baada ya kila mkono kupita. Watu wengi wakisikia neno siri hulikumbuka la kwanza peke yake. Katika insha hii nataka kuonyesha, kwa mfano wa Shinyanga na nchi ya dhahabu ya Geita, kwamba hasara kubwa imetoka katika la pili na la tatu.

Kompyuta za mwanzo hazikuwa na haja ya mlinzi wa namna hii. Mtu mmoja aliitumia mashine mpaka akamaliza, kisha akampisha mwingine. Haja ilizuka watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, na Fernando Corbató pamoja na wenzake. Kila mtumiaji alipewa jina lake na neno lake la siri. Mwaka 1966 palitokea huko kioja: watunzaji wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa wakati mmoja, faili hizo zikabadilishana mahali, na kila aliyeingia katika mashine akakaribishwa kwa orodha ya maneno ya siri ya watu wote. Hakuna mwizi aliyevunja mlango siku ile. Watu wenye ruhusa halali ndio waliofanya, kwa kuwa ruhusa yao ya kuandika ilikuwa pana kuliko kazi waliyokuwa wakiifanya.

Miaka michache baadaye ulizaliwa mfumo wa Unix, na mpango wake unafaa kuelezwa kwa sababu ni mwepisi na ungali unatumika. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na kuna wengine wote. Kila mmoja katika hao watatu hupewa au hunyimwa mambo matatu: kusoma, kuandika na kuendesha. Folda, yaani kabrasha lenye mafaili ndani yake, nayo ina ruhusa zake, na ruhusa ya kuendesha ikiwekwa juu ya folda huwa ni ruhusa ya kupita. Mtu aweza kupewa ruhusa ya kupita asipewe ya kuona orodha ya vilivyomo. Zaidi ya hayo liko jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka: kulifuta faili hakutegemei ruhusa ya faili lenyewe, hutegemea ruhusa ya kuandika katika folda lilimowekwa. Kwa kawaida, basi, mtu asiyeweza hata kulisoma faili aweza kuliondosha lote, mradi folda iko wazi kwa mkono wake. Namwomba msomaji alikumbuke hili, maana nitalirudia.

Nchini mwetu mashine hizi hazikuenea upesi. Hazina ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kwa hiyo mazoea yetu ya kufunga na kufungua kumbukumbu tuliyapata kwingine, na katika magharibi ya Usukuma tuliyapata machimboni.

Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Aliuendesha mgodi huo hadi alipofariki mwaka 1958, na mwaka huo huo ukanunuliwa na serikali ya Tanganyika pamoja na kampuni ya De Beers kwa sehemu zilizo sawa. Palikuwa mji ndani ya ua, wenye nyumba, hospitali, shule na kiwanja cha ndege, na sheria maalumu ya kulinda almasi iliyazunguka hayo yote. Ndani ya ua mlikuwa na ua mwingine, na ndani ya huo chumba cha kuchambulia mawe. Mtu aliweza kupita lango la kwanza na kufanya kazi yake na kulea watoto wake humo asijue lolote la chumba kile. Hiyo ndiyo ruhusa ya kupita pasipo ruhusa ya kusoma. Na mawe yenyewe yalipofika sokoni, thamani yake ilikadiriwa na mafundi wachache sana. Jiwe la rangi ya waridi ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 lilijulikana dunia nzima, lakini hesabu ya mawe ya kila siku ilibaki katika vitabu visivyofunguliwa na mpita njia.

Sisemi kwamba ulinzi ule ulikuwa upumbavu. Almasi ni ndogo, na mfuko wa shati ni mkubwa. Nasema tu kwamba nchi ilijifunza hapo kuwa utajiri wa ardhi hulindwa kwa kuficha, na mazoea hayo yakahama kutoka jiwe hadi karatasi inayolihesabu jiwe.

Mbali kidogo na hapo, katika machimbo madogo ya dhahabu, ipo desturi nyingine. Yuko mwenye leseni, ambaye jina lake limo katika daftari la serikali. Yuko mwenye duara, yaani shimo, ambaye hutoa fedha za chakula, kamba na matimba. Wako wachimbaji, ambao hushuka. Mawe yakipatikana hutiwa katika viroba, na viroba hugawanywa baina ya hao watatu kwa mafungu waliyokubaliana. Mwenyewe, kundi na wengine: aliyebuni Unix hakupata kufika Geita, walakini angalijiona nyumbani.

Nilikwenda huko kukusanya msamiati wa uchimbaji, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, nikakaa siku kadhaa kwenye duara moja. Karani alikuwa kijana mwenye daftari la shule lililokunjwa pembe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuandika humo, hata mwenye duara mwenyewe. Lakini kila kiroba kilipopandishwa kijana alitamka namba kwa sauti, na waliokuwa juu wakaiitikia, na jioni kabla ya mgao akasoma ukurasa mzima tangu mwanzo mpaka mwisho mbele ya watu wote, wasiojua kusoma wakiwa miongoni mwao. Akikosea, hafuti. Hupiga mstari, akaandika tena pembeni, na mashahidi wawili wakatia alama. Nilimwuliza kwa nini asifute tu kwa kifutio. Akanitazama kwa huruma. “Mwalimu,” akasema, “nikifuta leo, kesho nani ataniamini?” Kuandika kulifungwa kwa mtu mmoja, kusoma kukafunguliwa kwa wote, na kosa likaachwa lionekane.

Daftari kubwa, lile la nchi, lilikwenda njia nyingine. Mwezi Agosti mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, katika eneo ambalo leseni yake ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1994 kwa jina la kampuni. Wachimbaji walikuwa na mashimo. Kampuni ilikuwa na mstari katika daftari. Sina nafasi hapa ya kuhukumu haki ya kila upande, na shauri lile lina vurugu nyingi. Ninalotaka lionekane ni kwamba aliyekuwa shimoni hakuwa na desturi ya kusomewa daftari jioni.

Ilikuwa vivyo hivyo kwa mikataba. Mwezi Februari mwaka 2007 Waziri Nazir Karamagi alitia saini London mkataba wa mgodi wa Buzwagi, nao uko Kahama pia. Mbunge Zitto Kabwe alipoliuliza Bunge habari za mkataba ule, mwezi Agosti alisimamishwa asihudhurie vikao. Mwezi Novemba Rais aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuchunguza mikataba ya madini, na Zitto akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe. Kwa lugha ya kompyuta, alinyimwa ruhusa kama mtu mmoja, akapewa kwa kutiwa katika kundi. Ruhusa ya kuandika, kwa upande mwingine, ilikuwa imetumika mapema na watu wachache sana, hotelini, mbali na masijala, na wenye mali walikuwa hawajapata nafasi ya kutazama ukurasa.

Tangu hapo milango mingi imebadilishwa bawaba. Mwaka 2015 sheria ya uwazi katika tasnia ya madini, mafuta na gesi iliagiza mikataba na leseni zitangazwe pamoja na majina ya wenye hisa. Mwaka huo huo maombi ya leseni yalianza kupelekwa kwa njia ya intaneti, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ikamtia hatiani mtu anayeingia katika kompyuta au kuharibu kumbukumbu zake bila haki. Mwaka 2016 ikaja sheria ya haki ya kupata taarifa. Mwaka 2017, katikati ya ugomvi wa makinikia, ambapo kampuni na kamati za Rais zilisoma makontena yaleyale zikapata hesabu zisizofanana hata kidogo, Bunge lilipewa uwezo wa kupitia upya masharti ya mikataba. Mengi ya hayo yanahusu kusoma, nami nayafurahia. Ila nina hofu kwamba tumelifungua dirisha la kutazamia kabla ya kuuhesabu mlango wa nyuma.

Hofu hiyo niliipata katika safari ile ile ya msamiati. Mzee mmoja aliyenifadhili kwa makazi alikuwa mwanachama wa chama cha wachimbaji wadogo, ambacho sitakitaja. Chama kilikuwa kimeacha daftari na kuweka orodha ya wanachama na maduara yao katika kompyuta. Asubuhi moja aliniomba nifuatane naye ofisini, kwa sababu jina lake halikuitwa katika mgao wa eneo jipya. Makarani walikuwa wanne, wote vijana wenye adabu. “Shikamoo, mzee wetu,” wakasema, wakampa kiti. Kisha wakafungua orodha, na pale palipokuwa na duara lake pakawa na jina la mtu mwingine.

Niliuliza ni nani aliyebadilisha. Hakuna aliyejua, wala hapakuwa na njia ya kujua. Wote wanne waliingia kwa jina moja na neno moja la siri, nalo limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibao cha kuandikia. Mashine iliweka kumbukumbu ya badiliko, siku na saa, na kwa mkono wa nani? Wa “ofisi”. Folda nzima ilikuwa wazi kwa kuandikwa na yeyote aliyekikalia kile kiti, hata mgeni aliyeachwa peke yake wakati karani amekwenda kunywa chai. Na bado, mzee alipotaka kuutazama mstari wake kwa macho yake mwenyewe, aliambiwa kwa upole kwamba orodha ni siri ya chama.

Mzee hakupandisha sauti. Alifungua mfuko wa nailoni alioubeba kwapani, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo: nakala ya ukurasa wa daftari la zamani, yenye namba ya duara lake, mstari mmoja uliokatwa na kuandikwa upya pembeni, na alama za mashahidi wawili. Aliiweka juu ya meza, akaitandaza kwa kiganja. “Hii haikufutwa,” akasema. “Sasa geuzeni hicho kioo chenu, tusome pamoja.”

Karani mkubwa aliwatazama wenzake. Kisha akashika kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza.